Nondo za Kijani

Nondo zetu zilikaa nje masika mawili. Mimi na mke wangu tulikuwa tunajenga kwa kudunduliza, na kila tulipopata nafasi tulinunua mbili tatu kule Lushoto mjini, zikakunjwa katikati na kufungwa juu ya gari, tukazishusha barabarani na kuzibeba begani hadi kiwanjani. Kiwanja chenyewe kiko ubavuni mwa mlima, upande wa kwenda Mlalo, mahali ambapo ukungu huanza kupanda saa tisa alasiri na kukaa mpaka kesho yake jua liwe juu. Nondo ikilala wiki moja kwenye ukungu ule, inabadilika. Ukiipitishia kiganja, kiganja kinatoka na rangi ya ugoro.

Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyomkera mtu mwingine yeyote, kwa sababu kazi yangu ni rangi. Nimeandika mabango ya maduka, nembo za shule, majina ya magari, mistari ya viwanja vya mpira na maneno ya ukutani kanisani. Nimepaka mageti zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Mtu wa rangi akiona chuma kinashika kutu, mkono unamwasha.

Mimi si wa milimani. Nilizaliwa Muheza, Mbondei, nikaja Lushoto kuandika ukuta wa shule moja, na mwalimu wa darasa la tatu akatoka nje kuniambia kwamba nimekosea herufi. Ndiye mke wangu. Kiwanja tulipewa na baba yake, fundi mwashi aliyejenga nyumba nyingi katika vijiji vile kabla sijafika huko, na ndiye aliyesema atatujengea mwenyewe, polepole, mpaka imalizike. Wakati huo alikuwa ameshapita miaka sabini, lakini alipanda mteremko ule kwa hatua zilezile asubuhi na jioni, na hakuwahi kukaa chini kupumzika mbele yangu.

Alikuwa haongei na mimi. Hatukuwa na ugomvi wowote. Hayo yalikuwa ni malezi yake: mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima ilitaka kuwe na nafasi katikati. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na maneno yetu ya siku yakaishia hapo. Kilichobaki kilipitia kwa mke wangu. Sijui kama ni desturi ya Wasambaa wote au ya nyumba ile tu, maana nimewaona wengine wanaotaniana na wakwe zao hadharani. Sisi tulikuwa hivyo. Tuliweza kusimama watu watatu kuzunguka shimo moja la msingi, naye akasema, "Mwambie mwenzako alete kamba," na kamba ninayo mkononi.

Mwaka ule nilipata kazi Tanga ya kuandika mabango ya tahadhari kwenye jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa karibu na bahari. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona: nondo za kijani. Zilikuwa zimelala juu ya magogo, zimefunikwa turubai, zote kijani kibichi kama majani ya mgomba, rangi imelala sawasawa hata kwenye vinundu. Nikamuuliza mlinzi ni za nini. Akaniambia zimepakwa kiwandani ili chumvi ya bahari isizile. Nikasimama pale muda mrefu. Nilijiambia, kumbe wenye akili wameshafikiria hili ninalolifikiria mimi.

Nilirudi Lushoto nikiwa na mpango. Nilikuwa na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye kazi ya shule, kijani iliyokaribiana kabisa na ile ya Tanga. Baba mkwe alikuwa amekwenda Mgwashi kwenye msiba wa ndugu yake, na angekaa huko siku tano. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilitaka arudi akute kazi imefanyika. Ukweli ni kwamba nilitaka kumfurahisha. Kwenye nyumba ile nilikuwa nabeba maji, nachanganya udongo, nashika kamba. Hakukuwa na kitu hata kimoja nilichokijua mimi ambacho yeye hakukijua. Rangi ndiyo pekee iliyokuwa yangu.

Nikazipanga nondo juu ya mawe, zile nene zenye vinundu kwa ajili ya nguzo na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na zile nyembamba laini za kukatia ringi za kuzifunga zile nene pamoja. Nikazifuta vumbi kwa kitambaa. Nikapaka mkono wa kwanza, nikaacha zikauke, nikazigeuza, nikapaka mkono wa pili. Nilifanya kazi siku tatu, na siku ya tatu jua lilitoka, zikang'aa bondeni kote. Wapita njia walisimama kutazama. Mama mmoja aliyebeba karoti za kupeleka sokoni aliniuliza kama ni uzio wa kanisa.

Mke wangu alizitazama akasema, "Nzuri." Kisha akauliza, "Baba anajua?"

"Ataziona akirudi."

Ningekuwa na akili ningelielewa swali lile.

Baba mkwe alirudi siku ya Jumamosi, saa nne hivi, bado amevaa koti la msibani. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Akaenda moja kwa moja kwenye nondo. Aliinama, akaigusa moja kwa kidole, akaikwangua kwa ukucha wa dole gumba. Rangi ikatoka ganda dogo. Akalitazama lile ganda kwenye ukucha wake kwa muda, akalipuliza likaanguka.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, "hebu mwulize mwenzako, hizi nondo zimefanywa nini?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama.

"Baba anauliza nondo zimefanywa nini," akasema mke wangu.

"Mwambie nimezipaka rangi ili zisishike kutu."

"Anasema amezipaka rangi ili zisishike kutu, baba."

"Kwamba ni rangi nimeona. Nauliza zimefanywa nini."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe.

"Mwambie," akasema, "zege linashika chuma. Rangi halishiki. Ukiweka hizi, zege litakuwa limekamata rangi, na rangi itakuwa imekamata chuma kwa namna hii niliyoiona kwenye ukucha. Hiyo si lenta."

Nikasema kwa sauti ambayo haikuhitaji mjumbe, "Mwambie nimeziona Tanga kwa macho yangu. Za kijani hivihivi. Jengo la ghorofa nyingi, si kibanda."

Mke wangu alinitazama kwanza, kisha akamtazama baba yake, akayafikisha kwa upole kuliko yalivyotoka.

"Mwambie Tanga sijawahi kujenga," akasema mzee. "Huku nimejenga." Nilidhani ameshamaliza. Kisha akasema, "Tena mwambie asinisadiki mimi kwa sababu mimi ni mzee. Tupime."

Kupima kwenyewe alikupanga siku hiyohiyo, kupitia kwa binti yake. Aliomba makopo yangu manne ya rangi, matupu, ya lita nne. Nikayatoboa chini katikati kwa msumari na tindo. Tukasimamisha kipande cha nondo katika kila kopo, kikipita kwenye tundu na kutokeza juu na chini: kipande laini kilichopakwa, kipande laini kisichopakwa, kipande cha vinundu kilichopakwa, kipande cha vinundu kisichopakwa. Visivyopakwa tulivikata kwenye nondo mbili nilizokuwa sijazifikia rangi ilipokwisha. Zilikuwa na kutu yao, na nilipotaka kuisugua mzee akasema, "Mwambie aiache. Kutu kavu isiyobanduka haina neno." Zege la makopo yote manne lilitoka kwenye karai moja, na alilishindilia mwenyewe kwa kijiti, kopo moja baada ya jingine, akihesabu kwa midomo ili kila moja lipate sawa. Mimi nikaandika namba juu ya makopo kwa brashi, moja mpaka nne, kwa mwandiko mzuri usiolingana na kazi yenyewe.

Tulitakiwa kungoja wiki nne. Tuliyafunika makopo kwa magunia, na kazi ya kuyamwagia maji nikapewa mimi. Kila asubuhi kabla ya kushuka mjini nilipita pale na ndoo. Zilikuwa wiki za baridi, mwezi wa saba, maji yanauma vidole. Siku moja nilichelewa, nikafika nikakuta magunia yameshaloweshwa na nyayo za mzee kwenye matope. Siku nyingine nilimkuta amesimama pale. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukasimama tukiyatazama makopo kama watu wanaotazama mgonjwa aliyelala. Kisha akaenda zake.

Katika wiki zile nilijiuliza mara nyingi nilikuwa nataka nini. Usiku nilikuwa nataka nishinde. Asubuhi, nikiona ile nguzo ya kwanza aliyokwisha kuisimamishia mbao, nilikuwa sijui tena. Mke wangu hakuegemea upande wowote. Alisema tu, "Yeyote atakayeshindwa, nitalala kwenye nyumba hiyohiyo." Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Siku ilipofika nilikata makopo kwa mkasi wa bati, yakabaki mabonge manne ya zege ya kijivu, namba zimepotea pamoja na bati, ila rangi ya vipande ilitosha kutuonyesha kipi ni kipi. Mzee alipanga mawe mawili yenye nafasi katikati. Bonge lingekaa juu ya mawe, nondo ikiwa imesimama, nami ningeipiga kichwani kwa nyundo kubwa mpaka itoke chini. Mke wangu angehesabu.

Tulianza na nyembamba isiyopakwa. Nilipiga mapigo kumi na tisa kabla haijasogea hata unene wa kidole, na kila ilipokubali kushuka ilishuka kwa kulia, ikikwaruza.

Nyembamba ya kijani niliipiga mara tatu. Pigo la kwanza na la pili yalikuwa kama mengine. La tatu halikukutana na kitu. Nondo ilipita na kuanguka kati ya mawe, ikalia juu ya kokoto. Mzee akaliinua bonge, akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja, kisha akampa mke wangu, naye akanipa mimi. Ndani kulikuwa laini kama ndani ya kikombe cha kauri. Nilipitisha kidole. Hakukuwa na kitu cha kushika.

Nikachukua bonge la tatu, la vinundu, bila rangi. Hilo nililipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Kichwa cha nondo kilifumuka kama uyoga, zege likabanduka kwenye kingo, lakini nondo haikusogea. Mzee akanyoosha kiganja: basi.

Likabaki la nne. Nondo nene, vinundu, rangi mikono miwili. Hapo nilikuwa bado na tumaini, nakiri, maana zile za Tanga nazo zilikuwa na vinundu. Nikapiga. Mke wangu akahesabu, saba, nane, tisa. Nondo ilikuwa imetulia vizuri. Nikaongeza nguvu. Pigo la kumi na moja nikaona ufa mwembamba umetoka kwenye nondo ukaenda pembeni, kama unywele kwenye sahani. Niliinama kuutazama na nyundo nikaiinua hapohapo.

"Toka hapo, wewe!"

Nilisikia sauti na shati langu likavutwa wakati mmoja, lakini pigo lilikuwa limeshashuka. Bonge lilifunguka vipande viwili kwa mlio mkavu, na kipande kidogo kikaruka kikanipiga juu ya nyusi. Sikuanguka. Niliona tu damu inadondoka kwenye kidevu. Mzee alikuwa ameshika shati langu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alitoa leso yake akaikandamiza juu ya jicho langu.

"Jicho? Fungua. Fungua nikuone. Unaniona?"

"Nakuona, baba."

"Limepona," akasema. "Kimepita juu."

Tulikuwa karibu mno. Sikuwahi kuuona uso wake kwa umbali ule. Halafu naona na yeye alitambua, maana aliiacha leso mkononi mwangu, akarudi nyuma hatua mbili, tatu, akamgeukia binti yake.

"Mwambie akaoshe uso," akasema.

Nilipotoka kuosha uso nilivikuta vile vipande viwili vimepangwa juu ya jiwe kama mkate uliopasuliwa. Nondo ya kijani ilikuwa imelala pembeni, safi kabisa, haina hata chembe ya saruji. Alama za vinundu zilionekana ndani ya zege, zimechorwa vizuri, lakini nazo zilikuwa laini. Nikalitazama lile bonge la tatu: pale lilipobanduka, saruji ilikuwa imeng'ang'ania kutu kama ugali kwenye sufuria.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie baba nimeona."

Hata hivyo zile za Tanga zilinisumbua. Kushindwa nilikubali, lakini sikuelewa. Wiki mbili baadaye niliitwa kuandika vibao vya tahadhari kwenye ukarabati wa barabara ya kushuka Mombo, na msimamizi alikuwa mhandisi, dada wa makamo, mpole, aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma huku anatazama ukuta wa mawe ukipangwa. Nikamwonyesha kovu, nikamsimulia. Alicheka mpaka akaweka hindi chini.

"Kaka, hukuwa mjinga," akaniambia. "Ulikosea mambo mawili tu. Ile ya Tanga si rangi ya kopo. Kiwandani wanakipiga mchanga mkali kile chuma mpaka kiwe cheupe, wanakipasha moto, halafu wanakinyunyizia unga unaoyeyuka juu yake na kuganda. Ukwangue kwa ukucha, ukucha ndio utakaotoka. Na unene wake wanaupima."

"Kwa hiyo ule unashika zege?"

"Unashika, lakini si kama chuma kitupu. Tazama." Akachukua kalamu yake akaizungushia kiganja. "Zege linashika nondo kwanza kwa kugandana nayo. Halafu kwa kusuguana. Halafu kwa hivi vinundu, vinavyojisimamisha ndani ya zege. Ukipaka kitu chochote juu, kule kugandana kunakufa, kusuguana kunapungua, kazi yote inabaki kwa vinundu. Navyo, nondo ikivutwa, vinalisukuma zege kwa pembeni. Ndiyo maana lako lilipasuka badala ya nondo kutoka."

"Na zile laini?"

"Zile hazina vinundu. Zitashika na nini?"

Nikamuuliza basi kwa nini wanapaka. Akasema baharini chumvi inaua chuma ndani ya zege, kwa hiyo wanakubali kupoteza kidogo ili wapate maisha marefu, na kile wanachopoteza wanakifidia: nondo inapoungana na nyingine, wanailaza ipite mbali zaidi kuliko kawaida, na zege la kuifunika wanaliongeza. "Na kosa lako la pili: huku kwenu hakuna chumvi," akasema. "Kuna ukungu tu. Ukilifanya zege vizuri, saruji yenyewe ndiyo dawa ya kutu. Nenda ukazikwangue."

Nikaenda nikazikwangua.

Mtu ambaye hajawahi kuitoa rangi yake mwenyewe hajui ninachosema. Zile nyembamba nilizikatia tamaa. Mama mkwe alizichukua zikasimamishe maharage yake, na za ringi tukatafuta nyingine. Zile nene nilizilaza juu ya mawe palepale nilipozipaka rangi, nikaanza na brashi ya waya. Kwenye mgongo wa nondo rangi ilitoka. Kwenye mabonde kati ya vinundu iligoma. Nilisugua asubuhi kabla ya kazi na alasiri nikirudi, na wapita njia walisimama tena kutazama, safari hii bila kuuliza.

Siku ya nne au ya tano, mke wangu akiwa shuleni anasimamia mitihani, nilisikia kikohozi nyuma yangu. Mzee alikuwa amesimama na brashi yake ya waya, mpini ameutengeneza mwenyewe kwa mti wa mkaratusi. Nikasimama nikampa shikamoo.

"Marahaba." Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akatazama nondo. "Hivyo unavyosugua," akasema, kama anaiambia nondo, "unafuata urefu wake. Rangi inalala tu. Sugua kwa kuizunguka, ukiingia kwenye mabonde."

Nilisubiri kidogo, kwa mazoea, nikitafuta nani atanifikishia. Kisha nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaketi juu ya jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi. Akachukua ncha ya pili ya nondo niliyokuwa naisugua, akaiweka gotini, tukafanya kazi tukielekeana. Baada ya muda akaniambia kwamba alipokuwa anajifunza kazi, mwalimu wake, ambaye alijenga kwenye misheni, aliwalazimisha kuziosha nondo kwa maji kila zilipopakaa tope, kama vyombo vya kulia. Walimcheka kichinichini. Alisema kuna siku mmoja wao alipakaza ovyo mafuta ya mbao za kumwagia zege, yakadondokea nondo, na mwalimu akaifumua kazi yote jioni ile, waya kwa waya.

"Alikuwa mkali," nikasema.

"Alikuwa mwoga," akasema. "Fundi mzuri ni mwoga. Mimi pia ni mwoga. Chini ya lenta hiyo atalala mwanangu." Akasugua mara mbili tatu. "Na wewe."

Nikageuza nondo upande wa pili.

Ilituchukua wiki tatu. Siku za shule, mke wangu asipokuwepo, tuliongea, maneno machache, mengi ya kazi. Jumamosi, akiwepo, mzee alirudi kwenye "mwambie mwenzako," nami nikarudi kwenye "mwambie baba," na mke wangu akawa anapeleka na kuleta bila kujua. Mpaka Jumamosi moja mzee akasahau. Aliniita kwa sauti kutoka upande wa pili wa kiwanja, "Mgosi! Leta ule msasa!" kama wanaume wa Kisambaa wanavyoitana, nami nikaupeleka. Mke wangu alikuwa anamenya viazi mlangoni kwa mama yake. Aliacha kumenya.

"Haya," akasema, "na mimi nibaki na kazi gani?"

Mzee akajifanya hakusikia. Lakini baada ya hapo hakurudi nyuma.

Rangi haikwisha yote. Ndani ya mabonde ya vinundu vilibaki vipande vya kijani ambavyo hata msumari haukuvitoa. Nilimweleza mzee maneno ya yule mhandisi kuhusu maungio: kwamba pale nondo zinapokutana zipitane mbali zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo dada anajua kazi," akachukua kipimo chake, akaongeza shubiri mbili kwenye kila ungio, na pembeni akazikunja ncha kama ndoana.

Siku ya kumwaga zege, kuta zikiwa zimeshafika usawa wa lenta, walikuja majirani kumi na wawili, wa msikitini na wa kanisani, wakapanga mstari kutoka kwenye kichanganyio cha chini mpaka juu ya ngazi, makarai yakipita mkono kwa mkono. Mama mkwe alipika makande ya kutosha kijiji. Mimi nilipewa fimbo ya chuma na kusimama juu ya mbao, niwe nachoma zege kuzunguka nondo ili lisiache matundu. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa, na niliifanya kwa moyo wote mpaka saa nane, wakati mabega yalipoanza kutetemeka. Nguzo ya mwisho nilichoma kwa haraka. Nilijua nimeharakisha.

Tulingoja siku zake, tukimwagilia, kisha mzee akafungua mbao. Lenta ilitoka safi, kingo zimenyooka. Nguzo tatu zilitoka safi. Ya nne, karibu na chini, ilikuwa na mahali penye kokoto zilizosimama wazi kama meno, upana wa kiganja. Alipiga magoti, akaingiza kidole, akaangalia kama kinafika kwenye nondo. Hakikufika. Akagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka, sikio limesogea karibu, akasikiliza.

"Njoo hapa," akaniambia. Nikaenda. "Hapa ulichoma mara ngapi?"

"Chache, baba."

"Chache ngapi?"

"Sikuhesabu."

Basi alinifokea. Alinifokea kwa Kiswahili na kwa Kisambaa, mbele ya mke wangu, mama mkwe na jirani aliyekuja kuchukua karai lake, kuhusu mikono ya haraka na watu wanaochoka kabla ya kazi kuchoka. Nilisimama nimeinamisha kichwa. Alipomaliza aliniambia nitindue kokoto zote zilizolegea, nipaoshe, nichanganye saruji na mchanga kidogo, iwe kavu, nipajaze kwa kupachapa, na nisiondoke mpaka aje kupaona.

Nilipatindua, nikapaosha kwa brashi, nikapajaza kwa tabaka ndogo ndogo, nikipachapa kwa kipande cha mbao. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Mke wangu alileta chai, akaweka vikombe viwili juu ya ukuta. Mzee akaja, akapagusa, akapabonyeza kwa dole gumba, akasema, "Kesho asubuhi pamwagie maji." Akachukua kikombe chake. Mimi nikachukua changu.